Dawa ya Deni: Je, Mkosaji Ana Haki ya Kujihurumia?

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Nimeichagua methali hii iwe mlango wa insha yangu kwa sababu swali ninalotaka kulijadili ni swali la deni. Je, mtu aliyemkosea mwenzake ana haki ya kujihurumia? Wengi wetu tungejibu haraka kwamba hana. Huruma, tungesema, ni ya aliyeumizwa; aliyeumiza naye anastahili kuumia, angalau moyoni. Mimi mwenyewe nilikuwa na jibu hilo kwa miezi kadhaa. Leo nina jibu lingine: mkosaji ana haki ya kujihurumia, na zaidi ya hapo ana wajibu wa kufanya hivyo, mradi aelewe huruma hiyo ni kitu gani. Jibu hili sikulipata maktabani peke yake. Nililipata kupitia aibu, na sina budi kuanza na aibu hiyo.

Nimezaliwa Busia, mji ulioko mpakani mwa Uganda na Kenya. Mama huuza dagaa sokoni, na Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota hapo, midomoni mwa wanunuzi waliovuka kutoka upande wa Kenya. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Kampala, mwezi wa Februari, mama alinitumia shilingi 600,000 kwa simu. Ilikuwa karo ya mdogo wangu wa kike, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni isiyo mbali na Kampala. Kazi yangu ilikuwa ndogo: nizitoe, nizilipe benki, nimpelekee risiti. Fedha ziliingia Ijumaa jioni, benki zikiwa zimeshafungwa. Jumamosi asubuhi nilichukua 50,000 nikabashiri matokeo ya mechi za mpira. Nilijiambia kwamba nitazirudisha kabla ya Jumatatu, na faida itanisaidia kulipa pango la chumba. Nilishinda mara moja. Kisha nikapoteza, nikaikimbiza hasara, nikapoteza tena. Jumapili usiku zilikuwa zimebaki shilingi 35,000.

Sikusema ukweli. Shule ilipomrudisha mdogo wangu nyumbani wiki ya tatu, nilimwambia mama kwamba nilinyang'anywa fedha kwenye kituo cha teksi na niliogopa kumwambia. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole, mwanangu. Mali hutafutwa. Bora wewe mzima." Pole hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko lawama yoyote ambayo ningepewa. Hakuwa na 600,000 nyingine. Mdogo wangu alikaa muhula mzima nyuma ya meza ya dagaa, akipima kwa kopo, huku wenzake wakisoma.

Nikaanza kujiadhibu. Nilijinyima chakula cha mchana. Nilijitukana kila nilipojiona kwenye kioo. Niliacha kupokea simu za nyumbani, nikidai kwamba sistahili kusikia sauti zao. Niliamini kwamba huo ndio uadilifu: mtu mwovu hapaswi kulala vizuri. Lakini hesabu yake haikutoka. Mateso yangu hayakumlipia mdogo wangu hata shilingi moja. Tena aibu ilipozidi nilitafuta pa kukimbilia, na mahali nilipopajua palikuwa pale pale: mara mbili nilirudi kubashiri. Nilijichapa kwa mkono mmoja na kukosea kwa mkono wa pili.

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, naomba tutazame maneno kidogo. Kiswahili kina hazina kubwa ya kumsema mtu anayejishtaki: hujilaumu, hujuta, hujutia, hujisuta. Tunasema nafsi yake inamsuta. Kusuta ni kumkabili mtu uso kwa uso na kumweka wazi kwa aliyoyasema au aliyoyatenda. Tukisema nafsi inasuta, tunakiri kwamba ndani ya mtu mmoja kuna wawili, msutaji na msutwaji. Lakini tukitafuta neno la yule wa tatu, anayewasikiliza wawili hawa bila kumpiga yeyote, tunapata shida. Tukisema mtu anajionea huruma, msikilizaji haelewi sifa njema. Anaona mtu aliyejikunyata pembeni, anayelia kwamba dunia imemwonea. Basi si ajabu kwamba niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mafunzo ya kujihurumia nilicheka. Nilidhani ni mafunzo ya kutafuta visingizio.

Aliyeniambia habari hizo ni mwenzangu wa darasa la fasihi, ambaye alikuwa amezoea kwenda Garuga, karibu na Entebbe. Huko kuna Kituo cha Kibudha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyeifahamu dini hiyo alipokwenda kusoma India. Nilifuatana naye Jumamosi moja. Sikwenda kutafuta dini, kwa maana ninayo. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki nyingi na nilikuwa tayari kujaribu lolote.

Mambo tuliyoyafanya yalikuwa mepesi kuyaeleza na magumu kuyatenda. Tulikaa kimya, mgongo wima, tukiifuata pumzi inapoingia na inapotoka. Fikra ikija, mtu anaitambua, haigombezi, anarudi kwenye pumzi. Hii ndiyo taamuli, na hali ya akili inayokuzwa humo nitaiita uzingativu, yaani kuwa macho na kile kinachotokea sasa, kama kilivyo. Katika lugha ya Kipali, lugha ya maandiko ya zamani ya Kibudha, hali hiyo huitwa sati, neno ambalo asili yake ni kukumbuka. Niliposoma hilo baadaye nilishtuka. Nilikuwa nimedhani kwamba watu hukaa kimya ili wasahau. Kumbe wanakaa ili wakumbuke.

Baada ya pumzi ilifuata sehemu ya pili: kumtakia heri mtu, kimoyomoyo. Unaanza na nafsi yako, unaendelea na mpendwa, kisha mtu usiyemjua, hatimaye hata adui. Mimi nilikwama mwanzoni. Kujitakia heri kulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilijiuliza ni kwa nini mafundisho yanayohimiza upendo kwa viumbe wote yaanze na ubinafsi kama huu. Jibu nililipata kwa Buddhaghosa, mwanazuoni wa karne ya 5 aliyeandika kitabu kiitwacho Visuddhimagga huko Sri Lanka. Anaeleza kwamba mtu huanza na nafsi yake ili iwe mfano: kama mimi ninavyotaka raha na kuyaogopa maumivu, ndivyo walivyo wengine. Nafsi hapa ni kipimo cha kuwapimia wengine. Sisi tuliokulia kanisani tunakijua kipimo hicho, kwa sababu amri ya kumpenda jirani nayo inapimwa kwa upendo wa mtu kwa nafsi yake. Kipimo kikivunjika, jirani atapimiwa kwa nini?

Buddhaghosa ananisaidia pia katika tatizo la lugha nililolitaja. Anasema kila sifa njema ina maadui wawili, wa mbali na wa karibu. Adui wa mbali ni kinyume chake kilicho wazi. Adui wa karibu ni kile kinachofanana nayo kikatudanganya. Adui wa mbali wa huruma ni ukatili. Adui wake wa karibu ni huzuni, ile inayotokana na kukosa au kupoteza tunavyovipenda. Nikajiona pande zote mbili. Asubuhi nilikuwa mkatili kwa nafsi yangu, usiku nilikuwa nikijililia. Nilikuwa nimetembelea nyumba za maadui wote wawili wa huruma, lakini kwa huruma yenyewe sikuwa nimebisha hodi.

Wataalamu wa saikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, alianza kuwafundisha uzingativu wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Hakuwaahidi kwamba maumivu yataondoka; aliwafundisha kuyatazama pasipo kuyakimbia. Mwaka 2003 Kristin Neff, wa Chuo Kikuu cha Texas, alieleza huruma kwa nafsi kuwa na sehemu tatu: upole kwa nafsi badala ya kujihukumu, kutambua kwamba kukosea na kuteseka ni sehemu ya ubinadamu wetu sote, na uzingativu. Sehemu ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi. Aibu ilikuwa imenishawishi kwamba mimi ni wa pekee kwa uovu. Siku nilipothubutu kumwambia mwenzangu wa chumba, aliniambia habari za kaka yake aliyepoteza kwa kamari bodaboda aliyokopeshwa. Hakunisafisha kwa maneno hayo. Alinirudisha tu miongoni mwa watu.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana najua wahadhiri wangu watazitafuta. Ya kwanza ni kwamba upole huzaa ulegevu. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na anayeionea nafsi yake huruma atairuhusu ikosee tena. Pingamizi hii ina nguvu, nami niliiamini. Lakini uzoefu wangu uliikana: nilirudi kwenye kamari nikiwa katika kilele cha ukali dhidi yangu. Wala si mimi tu. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walichapisha majaribio yao kuhusu suala hili. Katika jaribio mojawapo, washiriki walikumbushwa kosa la kimaadili walilolitenda na lililowatia hatia. Walioelekezwa kujiandikia kwa upole na uelewa walionyesha nia kubwa zaidi ya kurekebisha kosa na kutolirudia kuliko walioelekezwa kuandika juu ya sifa zao njema. Kumhurumia mkosaji, basi, si kumsifu. Kujisifu hufunika kosa. Huruma huanza kwa kukubali kwamba kosa lipo na kwamba linauma.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Kama aliyeumizwa ni mdogo wangu, mimi ni nani hata nijisamehe? Hapa nakubaliana na mpingaji kabisa. Deni la mtu mwingine huwezi kulifuta wewe mdaiwa. Mwenye haki ya kulifuta ni anayekudai. Mtu akimwibia jirani kisha akajitangazia msamaha, ameiba mara mbili. Lakini msamaha na huruma si kitu kimoja. Msamaha hufuta deni. Huruma hushughulika na mdaiwa. Humpa chakula, humpa usingizi, humwambia asimame aende kazini. Mdaiwa akifungwa jela atalipa nini? Nilikuwa nimeifunga nafsi yangu jela kwa kosa la kudaiwa, na mfungwa halipi.

Mfano ulio wazi kwa Wakristo ni wa Petro na Yuda. Wote wawili walimsaliti aliyewapenda, kila mmoja kwa namna yake, na wote wawili walijuta. Yuda hata alivirudisha vile vipande 30 vya fedha. Petro alilia, kisha akabaki. Aliendelea kuwapo siku ya kuulizwa ilipofika, na kazi aliyopewa akaifanya. Juu ya hukumu ya Yuda sisemi neno, kwa kuwa hiyo si kazi yangu. Ninachokiona ni kwamba majuto yakikosa huruma humwondoa mkosaji mahali ambapo angeweza kufaa. Mwenzangu wa chumba, ambaye ni Mwislamu kutoka Arua, alinieleza jambo linalokaribiana na hili. Wanazuoni wao huzungumza juu ya nafsi lawama, ile inayojilaumu, na huiheshimu kwa sababu ni bora kuliko nafsi inayoamrisha maovu. Lakini ipo nafsi iliyo juu yake, iliyotulia. Lawama ni kituo njiani. Mimi nilikuwa nimejenga nyumba kituoni.

Nilirudi Garuga mara chache tu, nauli ikinikwaza. Mazoezi yaliyobaki niliyafanya chumbani, dakika 20 kila alfajiri kabla majirani hawajafungua redio zao. Sikuona nuru wala sikusikia amani kubwa. Kila asubuhi ilikuja picha ile ile: mimi nimekaa kitandani Jumapili usiku, simu mkononi. Zamani nilikuwa nikiijibu picha hiyo kwa tusi. Nilijiita mbwa. Katika ukimya ule nikagundua kwamba tusi lilikuwa pazia. Nikishajiita mbwa, picha hufungwa, nami sihitaji kutazama zaidi. Tena mbwa hana deni. Anayedaiwa ni mwanadamu. Nilikuwa nikijitukana ili nisidaiwe.

Nilipoacha kutukana, niliyaona mambo ambayo sikuwa nimeyaona. Niliona kwamba hofu ya pango la chumba ilikuwa ya kweli, na kwamba haikunipa haki yoyote. Niliona kwamba baada ya kupoteza 50,000 za kwanza nilikuwa na nafasi ya kusimama, nami nikaikataa. Niliona mikono ya mdogo wangu ikinuka dagaa. Na niliona kwamba, mbali na fedha, uongo ulikuwa deni la pili, nao nilikuwa nikiuongeza kila siku. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwezi wa Julai, wiki ya sita ya mazoezi, nilipanda gari kwenda Busia.

Nilimwambia mama jikoni, mdogo wangu akiwapo. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini nikaona kwamba nikilia wao ndio watakaolazimika kunibembeleza, nami nitakuwa nimewaibia tena. Nikaeleza kwa utaratibu: kiasi, siku, uongo wa kituo cha teksi, kurudi kwangu kubashiri. Nadhani hili ndilo tunda kubwa la mazoezi yale, kwamba niliweza kusimama mbele ya watu niliowakosea bila kugeuza maumivu yangu kuwa kazi yao. Mama hakusema kitu. Alizima moto, akatoka nje. Aliniita jina langu tena siku ya pili yake, kuniambia chai iko tayari.

Mdogo wangu ndiye aliyezungumza. Alisema, "Fedha utazirudisha, kaka. Muhula wangu utaurudishaje?"

Sina jibu la swali hilo mpaka sasa. Tangu wakati huo ninafundisha Kiswahili jioni. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua mwezi Julai 2022 kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima shuleni, na wapo walimu na wazazi wanaotaka kujifunza haraka. Nimesharudisha shilingi 410,000. Mdogo wangu alirudi shuleni, akarudia darasa, na sasa anasoma na watoto waliokuwa nyuma yake. Simu zangu anazipokea, lakini hanichekei kama zamani. Hajaniambia kwamba amenisamehe, wala simwombi aharakishe.

Hapa ndipo ninapoona mpaka wa methali niliyoanza nayo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini yapo madeni yasiyolipika yote. Shilingi 190,000 zilizobaki nitazimaliza Mungu akipenda. Muhula hautarudi. Mtu mwenye deni la namna hiyo ana njia tatu. Anaweza kukimbia na kusahau. Anaweza kujiangamiza kwa lawama, jambo ambalo nimeonyesha kwamba ni namna nyingine ya kukimbia. Au anaweza kukaa karibu na deni lake, akilitazama kama lilivyo, akilipa kinacholipika, na akikubali kwamba kilichobaki atatembea nacho. Njia hii ya tatu haiwezekani kwa mtu anayejichukia, kwa maana hakuna anayeweza kukaa muda mrefu na mtu anayemchapa kila siku.

Hiyo ndiyo maana ya kujihurumia ninayoitetea. Bado ninakaa dakika 20 alfajiri. Picha ya Jumapili ile bado huja, si kila siku tena. Ikija ninaitambua, sifungi pazia, narudi kwenye pumzi. Kisha namtakia heri mdogo wangu, najitakia na mimi, na kukipambazuka nakwenda kazini.